Panya Aliyeacha Kuogelea

Maabarani, mtafiti anajaza maji ya nyuzijoto zipatazo 25 katika chombo kirefu cha kioo chenye umbo la silinda. Kina cha maji ni kiasi ambacho panya hawezi kugusa chini kwa miguu, na ukingo wa chombo uko juu kuliko anavyoweza kuruka. Panya anatiwa humo. Mwanzoni anahangaika kwelikweli: anaogelea akizunguka, anakwaruza kioo kwa kucha, anapiga mbizi kutafuta pa kutokea. Baada ya dakika chache mwendo unapungua, kisha unakoma, na panya anaelea tu, pua ikiwa juu ya maji, akitikisa mguu mara mojamoja ili asizame. Kando yake mtafiti mwenye saa, au siku hizi kamera iliyounganishwa na kompyuta, anaandika jambo moja: mnyama huyu amekaa sekunde ngapi bila kuhangaika. Muda ukiisha anatolewa, anapanguswa na kurudishwa kwenye kizimba chake.

Hesabu hiyo ya sekunde ilianza kutumika mwaka 1977, na kwa miongo kadhaa imekuwa miongoni mwa vipimo vinavyotegemewa zaidi katika kutafuta dawa za sonona. Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Sonona ni ugonjwa wa binadamu ambao, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, unawapata watu zaidi ya milioni 280. Dalili zake ni huzuni isiyokwisha, kupotelewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, kuharibikiwa na usingizi, kujiona mkosaji au mtu asiye na thamani, na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Panya hawezi kumwambia daktari kwamba anajiona hana thamani. Basi kuna uhusiano gani kati ya mnyama anayeelea majini na mama aliyejifungia chumbani wiki ya tatu sasa, hataki kuoga, hataki kula, hataki hata kupokea simu ya dada yake? Maoni yangu, ambayo nitayaeleza hatua kwa hatua, ni kwamba panya ana mengi ya kutufundisha kuhusu sonona, lakini kwa muda mrefu tumemuuliza swali moja na kuandika jibu la swali jingine.

Kabla ya kuendelea, maneno mawili yanahitaji kuwekwa sawa. Ninaposema sonona sikusudii msongo wa mawazo, ingawa mitaani maneno hayo hubadilishana nafasi. Msongo ni shinikizo lenyewe, na kila kiumbe hulipata. Sonona ni ugonjwa unaoweza kufuata shinikizo hilo, au kuja bila sababu inayoonekana, na kudumu wiki na miezi. Neno la pili ni panya. Kiswahili hutumia jina moja kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa: yule mdogo, Mus musculus, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 40, na yule mkubwa, Rattus norvegicus, anayeweza kupita gramu 300. Hawa si mtoto na mzazi. Ni spishi mbili ambazo koo zake zilitengana mamilioni ya miaka iliyopita, na lililo kweli kwa mmoja si lazima liwe kweli kwa mwingine. Nitawaita panya mdogo na panya mkubwa pale tofauti hiyo inapohusika.

Dawa zilitangulia

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dawa za kwanza za sonona hazikugunduliwa kwa panya hata kidogo. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Baadhi yao walichangamka kuliko nafuu ya mapafu ilivyoweza kueleza: walicheza dansi wodini, wakala kwa hamu, wakaanza kuulizia siku ya kurudi nyumbani. Mwaka 1957 daktari wa magonjwa ya akili Nathan Kline na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapa dawa hiyohiyo watu wenye sonona. Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Münsterlingen nchini Uswisi, Roland Kuhn alikuwa akijaribu kwa wagonjwa wake kemikali ya kampuni ya dawa ya Geigy iliyotarajiwa kutibu skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili. Kwa skizofrenia haikufua dafu, ila wagonjwa wenye sonona nzito walianza kuinuka vitandani, kuzungumza na kucheka. Kemikali hiyo ndiyo imipramini. Amitriptilini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaandikiwa hadi leo, ni ya ukoo huohuo.

Viwanda vya dawa vikajikuta na dawa zinazosaidia watu pasipo kujua zinasaidia kwa njia gani, na vikataka nyingine zaidi. Kwa kuwa haiwezekani kumpa mgonjwa kila kemikali mpya inayotengenezwa, ilibidi pawe na chujio la awali, na hapo ndipo panya alipoingia. Chujio la mwanzo lilitumia reserpini, dawa ya shinikizo la damu. Panya akipewa reserpini hujikunja, kope zake hushuka, mwili hupoa, na hataki kusogea. Akipewa na imipramini, hali hiyo huzuiwa au hupungua. Sababu ilikuja kueleweka vizuri: reserpini humaliza akiba ya serotonini, noradrenalini na dopamini katika seli za neva, na imipramini huzifanya kemikali hizo zikae muda mrefu zaidi pale seli moja inapopeleka ujumbe kwa nyingine.

Kasoro ya chujio hilo imo ndani ya ufanisi wake. Lilitambua dawa zinazofanya kazi kama imipramini, na zile zinazofanya kazi kwa njia nyingine, kama mianserini na iprindoli, ziliponyoka bila kuonekana ingawa zilikuwa zikiwasaidia watu. Ni kama kumtafuta ndugu aliyepotea ukiwa umeshika picha ya kaka yake: anayefanana na kaka utamkamata, na ndugu mwenyewe, kama alichukua sura ya upande wa mama, atakupita barabarani.

Porsolt na chombo cha maji

Roger Porsolt, aliyekuwa akifanya utafiti wake nchini Ufaransa, alikuwa akiwafundisha panya wakubwa kutafuta njia ya kutokea katika vijia vilivyojazwa maji. Wengi waliipata njia katika dakika kumi. Wachache hawakuipata, na wakaacha kabisa kuhangaika, wakaelea. Mtafiti mwingine huenda angewatoa majini na kuwafuta kwenye orodha kama wanafunzi walioshindwa. Porsolt alijiuliza kama wanyama hao hawakuwa wamekata tamaa, na kama dawa ya sonona ingewafanya waendelee kupambana. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Nature. Panya mkubwa alitiwa majini dakika 15. Siku iliyofuata, baada ya kudungwa dawa mara tatu katikati, alirudishwa kwa dakika 5 ambazo sekunde zake zilihesabiwa. Kwa panya mdogo ilitosha kumtia mara moja kwa dakika 6 na kuhesabu 4 za mwisho. Waliopewa imipramini waliendelea kuhangaika muda mrefu zaidi. Zaidi ya hayo, jaribio liliziona hata mianserini na iprindoli zilizoponyoka chujio la reserpini.

Si ajabu jaribio hilo likaenea. Halihitaji mtambo wa gharama, na kwa asubuhi moja kemikali kadhaa zinaweza kupimwa. Mwaka 1985 likapata mwenzake, jaribio la kumning'iniza panya mdogo kwa mkia kwa dakika 6 na kuhesabu muda anaotulia, ambalo linafuata wazo lilelile bila maji.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu fundo la mjadala wote liko hapa. Kwamba imipramini hupunguza sekunde za kuelea ni jambo lililoonekana kwa macho na kurudiwa katika maabara nyingi. Kwamba kuelea ni kukata tamaa, hiyo tayari ni tafsiri ya mtazamaji. Na kwamba kukata tamaa kwa panya kwa dakika tano ni sonona, au mfano wa sonona, ni dai jingine kabisa ambalo matokeo yale hayakulithibitisha. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wengi waliacha kuyatenganisha. Panya aliyebadilishwa jeni fulani akielea zaidi, ripoti inaandikwa kwamba ana tabia za sonona, na jeni hiyo inaitwa jeni inayohusika na sonona. Chombo kilichotengenezwa kuchuja kemikali kikageuzwa kipimo cha ugonjwa, kana kwamba chujio la chai linaweza kukuambia chai imelimwa wapi.

Kuelea kwenyewe kunaweza kusomwa kinyume kabisa. Mwaka 2015 Marc Molendijk na Ron de Kloet wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walitoa hoja kwamba panya anayeelea amejifunza: jana alitafuta mlango akakosa, mwishowe mkono wa mtafiti ukamtoa, na leo anatunza nguvu zake. Hoja hiyo ina ushahidi wa kimwili. Panya wakubwa walioondolewa tezi za adrenali, zile zinazotoa homoni za msongo, hawalikumbuki vizuri somo la siku ya kwanza. Siku ya pili huelea kidogo kuliko wenzao, na wakirudishiwa homoni hiyo kumbukumbu hurejea. Kwa hiyo sehemu ya tunachohesabu ni kumbukumbu. Sehemu nyingine ni wepesi wa mwili, maana kafeini na amfetamini, ambazo ni vichangamshi, nazo hupunguza kuelea, na hakuna daktari anayetibu sonona kwa kikombe cha kahawa. Ndiyo maana mtafiti makini hupima kwanza kama kemikali yake inamfanya panya akimbiekimbie ovyo hata asipokuwa majini.

Historia hii ina mwenzi wake kwa mbwa. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia hawakujaribu baadaye kuzikwepa hata walipopewa nafasi. Wakasema mbwa hao wamejifunza unyonge, na wazo hilo likavuka kwenda kwa panya na kwa binadamu. Miaka karibu hamsini baadaye, mwaka 2016, watafiti haohao wawili waliandika kwamba walikuwa wamelishika jambo kinyume. Uchunguzi wa ubongo wa panya ulionyesha kwamba kutulia ni itikio la asili la mamalia mbele ya mateso ya muda mrefu. Kinachofunzwa ni kujua kwamba ninayo nafasi ya kubadili hali yangu, na elimu hiyo hutoka sehemu ya mbele ya ubongo na kulituliza itikio lile la asili. Ninawaheshimu sana kwa kuandika hivyo. Si wengi wanaoweza kuligeuza hadharani wazo lililowapa jina.

Saa moja, wiki nne

Pengo kubwa kuliko yote ni la muda. Mtu akianza amitriptilini, au fluoksetini ambayo ni dawa ya sonona inayofanya kazi kupitia serotonini, nafuu ya kweli huchukua wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, na hili ni jambo ambalo kila mgonjwa anapaswa kuambiwa asije akaacha vidonge siku ya kumi kwa kudhani havifanyi kazi. Panya wa Porsolt huitikia ndani ya saa 24. Kinachopimwa majini, basi, ni dawa ilivyogusa ubongo kwa mara ya kwanza, na yale yanayotokea katika wiki zinazofuata, ambayo ndiyo matibabu hasa, hayapimwi.

Paul Willner, mwanasaikolojia wa Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliolichukulia suala hili kwa uzito. Mwaka 1984 alitaka kila kielelezo cha sonona, yaani hali ya mnyama inayotumika kuwakilisha ugonjwa huo, kihojiwe kwa mambo matatu tofauti: je, kinabashiri dawa zitakazofanya kazi, je, kinafanana na ugonjwa kwa dalili, na je, kinatokana na visababishi vinavyofanana. Jaribio la kuogelea linajitahidi katika la kwanza, tena si siku zote: dawa za jamii ya fluoksetini mara nyingi zilishindwa kuonekana kwa panya wakubwa, hadi mwaka 1995 ilipoonekana kwamba inabidi kutenganisha kuogelea na kupanda ukuta, kwa kuwa dawa za serotonini huongeza kuogelea na za noradrenalini huongeza kupanda.

Willner mwenyewe alijenga kielelezo cha wiki nyingi. Panya mkubwa hapigwi shoti wala hatiwi majini. Anaudhiwa tu, kidogokidogo, bila ratiba anayoweza kuizoea. Leo kizimba kimeinamishwa, kesho maranda anayolalia yameloweshwa, keshokutwa taa haizimwi usiku kucha, halafu analetewa mwenzake asiyemjua. Baada ya wiki kadhaa anawekewa chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yenye sukari asilimia 1 au 2. Panya mzima huikimbilia ya sukari. Aliyeudhiwa kwa wiki nyingi hupunguza mno upendeleo huo, na anayempima huona kitu kinachokaribiana na dalili kuu ya sonona, yaani kutopata raha katika kilichokuwa kikileta raha. Akitibiwa kwa imipramini hurejea, lakini polepole, kwa wiki tatu hadi tano. Hapo muda wa panya na muda wa mgonjwa unaanza kulingana. Bei yake ni miezi ya kazi, na maabara nyingine zilizojaribu kurudia hazikupata matokeo yaleyale, jambo ambalo Willner hakulificha.

Kielelezo kingine cha wiki, kinachonivutia zaidi, kilianzia Novosibirsk nchini Urusi na kukuzwa Marekani katika miaka ya 2000 na kundi la Eric Nestler. Panya mdogo dume wa ukoo mpole anaingizwa katika kizimba cha dume mkali wa spishi hiyohiyo mwenye mwili mkubwa zaidi, ambaye humshambulia kwa dakika tano hadi kumi. Kisha wanatenganishwa kwa kiambaza cha plastiki angavu chenye matundu, na hapo mnyonge anakaa saa 24 akimwona na kumnusa adui yake bila kuguswa. Kesho analetewa dume mwingine, na hivyo kwa siku kumi. Mwishoni anawekwa katika uwanja wenye panya mgeni aliyefungiwa ndani ya wavu. Kwa kawaida panya mdogo humwendea mgeni kumnusa. Wengi wa hawa hukimbilia kona ya mbali na kubaki huko. Wakipewa fluoksetini au imipramini siku moja hakuna kinachobadilika. Wakipewa kila siku kwa wiki nne, wanaanza tena kumkaribia mgeni.

Thamani kubwa ya kielelezo hiki ilijitokeza kwa wale ambao hawakuugua. Sehemu nzuri ya panya waliopigwa siku kumi bado humwendea mgeni kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa wana jeni karibu sawa kabisa na wenzao na wamepigwa kipigo kilekile. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ubongo wa panya hawa wastahimilivu una mabadiliko yake mwenyewe, yanayozirudisha seli za dopamini katika mwendo wake wa kawaida. Ustahimilivu, kumbe, ni kazi ambayo ubongo unaifanya. Hilo ni jambo ambalo usingelijua kwa kuchunguza wagonjwa peke yao, kwa sababu anayestahimili haendi hospitali.

Kuna upungufu hapa usiopaswa kupitwa kimya. Dume mkali kwa kawaida hamshambulii jike, kwa hiyo kwa miaka mingi utafiti huu ulikuwa wa madume watupu, na hali ilikuwa hivyohivyo katika vielelezo vingine vingi, watafiti wakisema mzunguko wa homoni za majike unavuruga matokeo. Katika binadamu, wanawake wanaopata sonona ni karibu mara mbili ya wanaume. Tumetafuta dawa ya ugonjwa unaowaelemea zaidi wanawake kwa kuwapima madume.

Harufu ya mtafiti

Hata kielelezo kikiwa kizuri, kuna mkono unaomshika panya. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika kwa pamoja katika maabara tatu, Portland, Albany na Edmonton. Walitumia koo zilezile za panya wadogo, wenye umri uleule, vifaa vilevile, na hata saa zilezile za mchana. Baadhi ya matokeo yalitofautiana waziwazi kati ya maabara na maabara. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilionyesha mojawapo ya sababu zinazowezekana: harufu ya mwanamume peke yake, hata fulana aliyolala nayo ikiwekwa karibu, huwapandisha panya homoni za msongo kiasi cha kupunguza maumivu wanayoyaonyesha, jambo ambalo harufu ya mwanamke haifanyi. Kisha mwaka 2022 kundi la Todd Gould wa Chuo Kikuu cha Maryland likaonyesha kwamba ketamini, dawa ambayo siku hizi hutumika pia kutibu sonona, iliwapa panya wadogo matokeo yanayofanana na ya dawa ya sonona pale ilipodungwa na mtafiti mwanamume, na haikuwapa ilipodungwa na mwanamke. Ketamini ilikuwa ileile. Aliyeshika sindano ndiye aliyebadilika.

Taarifa kama hizi humfanya msomaji adhani utafiti wote ni bure. Mimi nazisoma kinyume. Kundi la Gould halikuishia kwenye mshangao. Lilifuatilia hadi likaona kwamba harufu ya mwanamume huamsha njia ya homoni ya msongo katika ubongo, na kwamba njia hiyo ndiyo inayoungana na kazi ya ketamini. Lakini ripoti ngapi za zamani hazikutaja kabisa nani aliyewashika panya?

Iliyofeli na iliyofanikiwa

Mwaka 1998 kampuni ya Merck ilitangaza dawa ya aina mpya iliyoziba vipokezi vya kemikali iitwayo sabstansi P. Vipokezi hivyo katika panya havifanani vya kutosha na vya binadamu, kwa hiyo watafiti waliwageukia simbilisi, ambao vitoto vyao hulia vikitenganishwa na mama. Dawa ilipunguza kilio hicho. Jaribio la kwanza kwa watu lilileta matumaini makubwa. Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona tofauti na vidonge tupu visivyo na dawa, na mwaka 2003 mpango wa kuitumia kwa sonona uliachwa. Dawa yenyewe, aprepitanti, leo huzuia kutapika kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani kwa kemikali. Wengine waliopita njia ya namna hiyo, kwa mfano dawa zilizoziba vipokezi vya homoni ya msongo, waliishia palepale.

Ketamini ilikwenda kinyume. Hii ni dawa ya usingizi wa upasuaji, inayojulikana katika vyumba vingi vya upasuaji vya Afrika. Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Yale, dozi ndogo ya ketamini waliyopewa wagonjwa saba wa sonona iliwapa nafuu ndani ya saa na siku, si wiki. Binadamu walitangulia tena, kama ilivyokuwa kwa iproniazidi. Panya walikuja baadaye, na safari hii waliulizwa swali linalowafaa: ni nini kinatokea ndani ya seli? Mwaka 2010 Ronald Duman na wenzake, palepale Yale, walionyesha katika panya wakubwa kwamba dozi moja huamsha mfumo unaotengeneza protini katika seli za sehemu ya mbele ya ubongo, na ndani ya saa 24 miunganiko mipya kati ya seli inaonekana kwa darubini. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha esketamini, jamaa wa dawa hiyo, ipulizwe puani kwa sonona isiyosikia dawa nyingine.

Naona tofauti kati ya visa hivi viwili inaeleza mengi. Kwa aprepitanti, mnyama alitakiwa kutoa hukumu kama dawa itatibu ugonjwa ambao yeye hana. Kwa ketamini alitakiwa kuonyesha kiungo kimoja kinavyofanya kazi, na kiungo hicho anacho. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaotaka panya waondolewe kabisa, ingawa kwa jaribio la kuogelea naona muda wake umefika ukingoni. Kampuni kadhaa kubwa za dawa zimetangaza kuliacha, na mwaka 2024 jimbo la New South Wales nchini Australia lililipiga marufuku kwa sheria. Mnyama anayetiwa hofu ya kufa maji anastahili angalau kwamba hofu yake ilete jibu linaloaminika.

Mabakuli mawili

Njia mojawapo inayochukua nafasi ya jaribio la kuogelea inatoka kwa Emma Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, nayo ilianza na jambo lililoonekana kwa watu. Huko Oxford, Catherine Harmer alikuwa amegundua kwamba dozi moja ya dawa ya sonona humfanya mtu azitambue kwa wepesi zaidi nyuso zenye furaha anapoonyeshwa picha, hata kabla yeye mwenyewe hajasema amepata nafuu. Dawa huenda hubadilisha kwanza rangi ambayo ubongo unaipaka kila jambo jipya, na moyo hufuata baadaye, mambo mapya ya kutosha yakishakusanyika. Ikiwa ndivyo, pengo la wiki nne linaanza kueleweka.

Panya hasomi nyuso, lakini hufukua. Siku ya kwanza anawekewa bakuli lenye maranda, na chini yake kuna punje ya chakula kitamu. Siku nyingine bakuli lina vipande vya kitambaa, na chini yake kuna punje ileile, ya ukubwa uleule. Tofauti pekee ni hali aliyokuwa nayo siku hizo: kabla ya bakuli moja alipewa dawa, kabla ya jingine hakupewa. Baada ya siku nne za kujifunza hivyo, siku ya tano mabakuli yote mawili yanawekwa mbele yake kwa mara ya kwanza pamoja, na mtafiti anahesabu analifukua lipi katika majaribio 30. Mbele ya mabakuli hayo hakuna anayelazimishwa wala kutishwa.

Waliojifunza bakuli la maranda wakiwa wamepewa fluoksetini au dawa za jamii yake hulipendelea bakuli hilo, ijapokuwa malipo yake hayakuzidi. Waliojifunza bakuli fulani siku waliyotiwa msongo, badala ya kupewa dawa, hulikwepa. Ketamini haikufanya kama fluoksetini. Haikulipendezesha bakuli jipya. Lakini panya aliyekuwa na kumbukumbu mbaya ya bakuli la siku ya msongo, akipewa ketamini asubuhi ya siku ya tano, kabla tu ya kuchagua, aliyaendea mabakuli yote mawili kwa kadiri moja.